Lenzi ya Kukuzia Picha ya Kale

Miongoni mwa wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka wa 1893, walikuwamo wapiga picha, nao kwa desturi ya siku zile walitumia vioo. Kioo kimoja cha namna hiyo kilitufikia sisi walimu, huku mlimani juu ya mji wa Moshi. Ni cha sentimita 9 kwa 12, na ndani yake wamesimama watu wengi mbele ya kanisa.

Bibi mmoja jirani yetu aliambiwa tangu utoto ya kuwa mama yake yumo humo, kwenye ukingo wa kushoto, naye hana picha yake nyingine. Tulilaza karatasi juu ya kioo tukaimulika, lakini nyuso zilitoka ndogo kama punje za ulezi, na macho ya Bibi yamekwisha kuwa mazito. Basi ikatupasa kuikuza.

Tulikuwa na mashine kuukuu ya kukuzia, yenye lenzi ya milimita 80. Tukaingia chumba cha giza kwa furaha. Picha ilipotoka majini, mmisionari na wazee wa katikati walionekana wazi, hata vifungo vya makoti yao. Bali pembeni palikuwa na weupe kama ukungu. Bibi akatazama, akasema, “Wanangu, mmemkuza mchungaji, na mama yangu mmemwacha ukunguni.”

Maneno hayo yalituuma, maana kosa lilikuwa letu. Kila lenzi ina duara lake la mwanga, na kioo chote hakina budi kuenea ndani ya duara hilo. Kanuni ni kuchagua lenzi ambayo kipimo chake hakipungui urefu wa kioo toka pembe hata pembe. Mafundi wa nyumba wajua hesabu hii, kwa kuwa ndiyo 3, 4 na 5 wanayonyoshea kona za msingi: 9 kwa 12 hutoa 15. Kumbe twahitaji lenzi ya milimita 150! Ile ya 80 ni ya filamu ndogo za sentimita 6 kwa 6.

Mwenzetu mmoja alitaka tuchukue ya 210 ili tusikose tena. Lakini lenzi ndefu hutaka nafasi. Kwa kukuza mara 3, ile ya 150 yataka sentimita 80 toka kioo hata karatasi; ya 210 yataka 112, na nguzo ya mashine yetu haifiki huko.

Tuliagiza Nairobi. Ya kwanza tulipoitazama kwa tochi ilikuwa na kuvu ndani, nyuzi nyuzi kama za buibui, zitakazotawanya mwanga na kufifisha picha. Tukairudisha, si bila manung’uniko ya muuzaji. Ya pili ilikuwa safi. Ni ya vioo 4 tu, wala si 6. Kwa kukuza mara 3 yatosha, na mfuko wa mwalimu wajulikana. Hatuiweki katika mfuko wa ngozi, maana unyevu wa masika hukaa humo.

Tulilinganisha picha tundu likiwa wazi kabisa, kwenye 5.6, kisha tukalifunga hata 11 ili pembe nazo zikaze. Mwanga ukapungua mpaka robo, na muda tukauzidisha mara 4. Chini ya taa nyekundu tulikaa kimya tukitikisa sinia. Ukingo wa kushoto ukajitokeza taratibu: kwanza ua wa masale, ndipo wasichana wawili, mmoja amebeba mtoto mgongoni.

Tulipompelekea Bibi, hakusema neno kwa kitambo. Kisha akaweka kidole juu ya yule mwenye mtoto. “Huyu mgongoni ni mjomba,” akasema, akatuuliza kama karatasi imebaki nyingine, maana mdogo wake aliyeolewa Marangu naye hajamwona mama.