Siku moja Cedar Point, mahali watu wanalipa ili waogope

Tangu nilirudi kutoka Marekani, vijana wa kambi yetu wananiuliza neno moja tu: «Kambo, ni kweli kule watu wanalipaka feza ili treni iwatupe chini?» Ni kweli. Nimeona kwa macho yangu. Na kwa sababu nimechoka kueleza mambo yale yale kila jioni mbele ya nyumba, nimeona afazali niandike, kila mutu asome kwake.

Ilikuwa mwaka wa 2019, mwezi wa munane. Binti yangu anakaa na bwana yake na watoto katika muji wa Columbus, jimbo la Ohio. Walinitumia tiketi ya ndege, nikaenda kuwatembelea. Siku ya posho moja wakaniamsha mapema, kungali giza: tunaenda Cedar Point. Nikauliza kuna kazi gani huko. Binti akacheka. «Baba, leo hakuna kazi. Ni muchezo tu.»

Mwendo wa gari ulikuwa karibu saa mbili kuelekea kaskazini, mashamba ya mahindi huku na huku, halafu tukaona maji. Lile ni ziwa Erie. Ni kubwa, hauoni ngambo, lakini halifikii Tanganyika yetu, na tena halina kilindi kirefu: pahali panapozidi kushuka ni metre 64 tu, wakati Tanganyika inafika metre 1.470. Mushike ile hesabu ya 64, nitairudilia.

Cedar Point ni ulimi wa udongo ulioingia ndani ya ziwa. Watu walianza kwenda kuoga pale tangu mwaka wa 1870. Mwaka wa 1892 wakajenga treni yao ya kwanza ya kupanda na kushuka. Kilima chake hakikupita metre 8, hata mama muzee angeweza kuipanda na kikapu chake. Leo ziko zaidi ya 15. Kwa Kifaransa wanaziita «milima ya Kirusi», sababu zamani Warusi walikuwa wanajenga vilima vya mbao, wanavifunika na barafu, wanateleza juu yake. Mimi nitasema tu treni ya milima.

Tulipokuwa mbali bado, juu ya njia iliyojengwa katikati ya maji, niliona vyuma vinasimama angani. Nilizani ni minara ya shimo, ile inayobeba magurudumu ya kamba. Nikamuambia binti: «Kumbe huku pia kuna mugodi?» Gari nzima ikacheka.

Kitu cha kwanza nilichosikia kule ndani ni vilio. Watu wanalia kwa nguvu huko juu, kisha treni inafika, wanashuka wanacheka, wanarudi katika musitari. Kwetu vilio kama vile vikisikilika, kambi nzima inakimbia kwenda kuona ni nani. Kule hakuna hata mutu mumoja aliyegeuza kichwa. Ilinichukua muda kuzoea, na kusema kweli sikuzoea.

Kulikuwa mnara mumoja, jina lake Top Thrill Dragster, urefu metre 128. Treni ilikuwa inatoka chini kama risasi, kilometre 193 kwa saa, inapanda moja kwa moja, inageuka juu, inaanguka. Nilitazama mara mbili, nikaondoka. Miaka miwili nyuma, katika Agosti 2021, kipande cha chuma kilitoka kwenye treni ile kikamupiga kichwani mwanamke aliyekuwa anangoja katika musitari. Aliumia vibaya sana. Mnara ukafungwa, ukatengenezwa upya, ukafunguliwa 2024 na jina la Top Thrill 2, ukafungwa tena upesi, ukaanza kazi kwa kweli 2025. Ninasema haya sababu vijana wanazani kule chuma hakikosei. Chuma ni chuma.

Lakini ile ambayo mujukuu wangu alitaka ilikuwa ingine: Millennium Force. Ilijengwa mwaka wa 2000 na kampuni ya Uswisi, kwa dola milioni 25. Reli yake ni ya rangi ya buluu, urefu wa safari kilometre 2, mbio zake kilometre 150 kwa saa. Na mulima wake wa kwanza ni metre 94. Sasa rudieni hesabu yetu: ukiisimamisha pahali pa kilindi zaidi pa ziwa Erie, kichwa chake kitabaki metre 30 juu ya maji.

Nilisimama chini yake muda mrefu, si kwa woga, ni kwa kazi yangu ya zamani. Treni nyingi za namna hii zinavutwa na munyororo, unasikia ka-ka-ka-ka mpaka juu. Hii haina munyororo. Inavutwa na kamba ya chuma, na kuna mashini inayozungusha ile kamba juu ya ngoma. Wafanyakazi wa shimo wanaosoma hapa wamekwisha kuelewa: ni kitu kile kile kinachotuteremusha na kutupandisha. Nilijisikia kama niko kwetu. Ila wao kamba inawaachilia kule juu. Toka pale hakuna mashini tena, uzito wa treni njo unaiendesha mpaka mwisho, na ndiyo sababu kila mulima unaofuata ni mufupi kuliko ule wa kwanza. Upepo na magurudumu vinakula nguvu kidogo kidogo. Magurudumu yenyewe yanashika reli juu, pembeni na chini, treni haiwezi kuruka inje. Mwisho, sumaku zinaisimamisha bila kuigusa. Kazi safi, lazima kusema.

Na mujue kwamba muchezo huu ulipita mikononi mwa watu wa mugodi. Katika jimbo la Pennsylvania, pahali paliitwa Mauch Chunk, mwaka wa 1827 walijenga reli ya kilometre 14 hivi ya kushusha makaa ya mawe kutoka mulimani. Wagoni zilishuka peke yao kwa uzito. Nyumbu (wale watoto wa punda na farasi) walishuka ndani ya wagoni yao wenyewe, kama mabwana, halafu wakavuta wagoni tupu kuzirudisha juu. Kisha makaa yakapata njia ingine, karibu mwaka wa 1872, na reli ile ikabaki ya watu waliolipa ili washuke kama makaa. Iliendelea mpaka 1933. Bwana LaMarcus Thompson alifungua yake katika Coney Island, New York, mwaka wa 1884, senti 5 kwa mutu, mbio za kilometre 10 tu kwa saa. Kwa hiyo sisi walitulipa kwa kushuka, na wao wanalipa. Dunia.

Turudi kwa mujukuu. Alikuwa na miaka 12. Toka juma nzima alikuwa anatangaza kwamba ataipanda. Baba yake alibaki Columbus kazini, mama yake alikuwa na mutoto mudogo, basi wote wakanitazama mimi. Pa mulango kuna fimbo ya kupimia urefu, mutoto asiyefika sentimetre 122 haingie. Yeye alipita. Lakini karibu na fimbo kuna kibao: wenye ugonjwa wa moyo, wenye damu inayopanda, wasipande. Mimi damu yangu inapanda, niko na dawa kila asubuhi. Nikamuambia: «Nitakusindikiza mpaka pale wanapoingilia. Kisha utakwenda peke yako.»

Akasema: «Sawa, Kambo.» Lakini sauti ilikuwa ndogo.

Musitari ulikuwa wa saa moja na zaidi, katika jua. Mwanzoni aliongea sana, kisha kidogo, kisha akanyamaza kabisa. Kila mara treni ilipopita juu ya vichwa vyetu aliangalia viatu vyake. Mimi pia nilinyamaza. Halafu akauliza, na Kiswahili chake kile cha kuzaliwa kule:

«Kambo, mu shimo ulikuwa unaogopaka?»

Miaka yote nimewaambia watoto wangu kwamba sikuogopa. Nilifanya kazi chini ya udongo miaka 20, katika shimo moja la shaba la Katanga, na kila mara waliponiuliza nilisema: mwanaume haogopi. Sijui kwa nini siku ile, katika jua lile, katikati ya Wamarekani waliovaa kaptula, sikuweza kusema vile tena.

Nikamueleza siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka 20. Walitufunga ndani ya lile sanduku la chuma tuliloita kaji, bega kwa bega, na sakafu ikatoroka chini ya miguu. Magoti yangu yalitetemeka mpaka taa yangu ikagongagonga kwenye mukaba. Kapita wetu alisikia ile sauti. Hakusema kitu. Aliweka tu mukono wake juu ya taa, sauti ikaisha, wengine hawakujua.

«Na siku ya pili?»

«Siku ya pili vile vile. Siku ya mia vile vile, ila nilijua kufunga taa vizuri.»

Akacheka. Kicheko kidogo, lakini alicheka. Nikamuonyesha mulango mudogo pembeni, wanaouweka kwa watu wanaobadili shauri, nikamuambia kupita pale si haya. Akautazama. Watu wawili wakubwa, wanaume wenye ndevu, walipita pale mbele yetu. Yeye hakupita.

Wakamuingiza, wakamushusha chuma juu ya mapaja, kijana mumoja wa kazi akavuta kukamata kama kimeshika. Treni inabeba watu 36. Nilimuona yeye tu. Kisha wakanitoa kwa njia ingine, nikashuka ngazi mbiombio kusimama pahali pa kutokea.

Safari nzima inachukua dakika 2 na segonde 20. Niliambiwa hivyo baadaye. Kamba ilivuta, treni ikapanda, ikawa ndogo, ikafika pale juu ikakaa kama imesimama. Mikono yangu ilikuwa imeshika chuma cha uzio, na sikujua nimekishika mpaka vidole vikauma.

Pale njo nilimukumbuka mama yao.

Mwaka wa 1984, siku moja, kaji yetu ilisimama katikati ya shimo. Tulining'inia katika giza saa tatu nzima. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia, walitengeneza, tukapandishwa. Lakini habari ilikuwa imefika kambini, na tulipotoka wanawake walikuwa wamesimama pa mulango mukubwa. Wangu alikuwa pale, na mutoto mugongoni. Nilisikia haya mbele ya wenzangu. Nilimufokea: umekuja kufanya nini hapa, rudi nyumbani, unazani nimekufa? Hakujibu. Aligeuka akatembea mbele, mimi nyuma, mpaka nyumbani. Na mambo yale hatukuyaongea tena mpaka alipofariki, mwaka wa 2011. Miaka 27.

Mimi niliyening'inia nilikuwa na kitu cha kufanya: kuongea na wenzangu, kuhesabu pumzi, kusubiri mashini. Yeye pa mulango alikuwa na nini? Uzio wa kushika.

Treni ikarudi. Mutoto akatoka, machozi ya upepo mashavuni, shati imegeuka, akaniita kutoka mbali: «Kambo! Kambo! Nirudi tena?» Nilitaka kumushika, nikamuuliza tu kama amesikia njaa. Tukala viazi vya kukaranga, kule wanavinyunyizia siki, si vibaya. Kisha akarudi mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale pale. Haikupungua, kama vile kaji haikupungua.

Tulitoka jioni. Taa za milima zilikuwa zinawaka na kuonekana ndani ya ziwa. Mutoto alilala nyuma kabla hatujafika njia kubwa. Nilikaa mbele na binti yangu, na kwa muda hatukusema kitu. Kisha nikamuambia:

«Wewe njo ulikuwa mugongoni mwa mama yako, ile siku kaji ilisimama. Hauwezi kukumbuka.»

«Sikumbuki. Lakini mama alinielezaka.»

«Alisema nini?»

«Alisema ulimufokea mbele ya watu.»

Nikanyamaza. Aliendesha kidogo, akapita lori.

«Alisema njia yote aliyotembea mbele yako, alikuwa anacheka peke yake, hakutaka umuone. Alisema: kama anafoka hivi, basi ni muzima.»

Tulifika Columbus saa tano ya usiku. Nilimubeba mutoto mpaka kitandani, ingawa mama yake alinikataza kwa sababu ya damu yangu. Ni muzito.