Hewa ya Halandri

Nilipohamia Halandri mwanzoni mwa miaka ya 1980, kitongoji hicho cha kaskazini-mashariki ya Athens, chini ya mlima Penteli uliotoa marumaru ya Parthenon, kilisifiwa mno kwa hewa yake, na watu waliokimbia katikati ya mji waliniambia, mimi baharia wa Tanga niliyelelewa na upepo wa bahari, kwamba nimepata maskani ya afya.

Mji wa Athens umezungukwa na milima ya Aigaleo, Parnitha, Penteli na Hymettus, upande wa bahari tu ukiwa wazi, na siku za shwari moshi wa magari na viwanda ulitanda juu ya mapaa kama shuka ya kahawia, ambayo wenyeji waliiita nefos. Uchafu ule ulikula hata mawe: mwaka 1979 sanamu za wanawake wanaochukua paa la ukumbi wa hekalu la Erechtheion ziliondolewa mahali pake zikahifadhiwa katika makumbusho. Tangu 1982 serikali iliamuru magari yaingie katikati ya mji kwa zamu, namba za shufwa siku ya shufwa, na za witiri siku ya witiri.

Sisi wa Halandri tulijihesabu kuwa tumesalimika, kumbe sivyo. Maana adhuhuri upepo wa baharini uliusukuma moshi wa mjini kuja kwetu, nao njiani ulipikwa na jua ukageuka ozoni, hata alasiri za kiangazi koo zetu aghalabu ziliwasha kuliko za waliobaki huko tulikokimbia. Faraja yetu ilikuwa meltemi, upepo wa kaskazini wa Julai na Agosti, ambao ulipoanza tu kuvuma kila nyumba ilifungua madirisha.

Baadaye petroli isiyo na risasi, magari yenye kifaa cha kusafisha moshi, na reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mjini mwaka 2000 na kufika kwetu 2004, vilipunguza nefos kwa kiasi ambacho mzee yeyote wa mtaa angeshuhudia. Ghubari nyekundu ya Sahara iliendelea kutujia kila upepo wa kusini ulipoileta, na Aprili 2024 iligeuza mbingu rangi ya chungwa mchana kutwa. Lakini hiyo ni ya Mungu, nasi tuliizoea.

Moshi wa vuli ya 2012 haukuwa wa Mungu. Katika dhiki ile kuu ya uchumi wa Ugiriki, kodi ya mafuta ya kupashia nyumba joto ilipandishwa, na matanuri yaliyokuwa pambo la sebule yakaanza kuwashwa usiku kucha, kwa kuni za mzeituni kwa mwenye nazo, na kwa mbao za samani zilizopakwa rangi kwa asiye nazo. Usiku wa baridi usio na upepo mtaa mzima ulifuka, watoto wakikohoa. Siwezi kuwalaumu waliochoma; nawalaumu walioweka kodi pasipo kuuliza maskini ataota nini.

Na sasa meltemi, iliyotufungulia madirisha, ndiyo tunayoihofu. Moto ulioanza kijiji cha Varnavas tarehe 11 Agosti 2024 uliletwa na upepo mkali wa kaskazini, ukavuka Penteli, na kesho yake ukaingia Vrilissia, jirani zetu, ukamwua mwanamke mmoja, ukagusa pia kingo za Halandri. Msonobari wa huko huweza kuota wenyewe baada ya kuungua, kwani makoko yake hufunguka kwa joto na kumwaga mbegu. Ila mche huhitaji miaka mingi kabla ya kuzaa, na Penteli imeungua 1995, 1998, 2022 na 2024, bila kutaja mioto mingine. Miteremko niliyokuwa nikiipanda chini ya kivuli leo ni vichaka na mawe, na mvua za kipupwe huteremsha udongo wake.