Kumtafuta Karani wa Ofisi Ndogo

Huenda wengine mwadhani kwamba kumpata karani ni jambo jepesi, maana wenye diploma ya Serikali ni wengi na kazi ni chache. Mimi sioni hivyo. Katika ofisi kubwa karani asiyefaa husitiriwa na wenzake, lakini ofisi yenye meza mbili haina mahali pa kumficha.

Mwaka 2018 wakulima wenzangu wa mpunga hapa Luvungi, katika bonde la Ruzizi, walinituma nitafute mtu wa kutunza daftari, barua na ufunguo wa sanduku la fedha. Barua za maombi zilipofika, zilifuatwa na wajomba na mashemeji. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinihesabia undugu wetu hadi kizazi cha tatu. Nikamjibu, "Baba, mpunga huu si wangu. Wenyewe wakipunjwa, nitawaambia nini?" Aliondoka amenuna, na kuku aliyeniletea akaondoka naye.

Basi, watu watatu wakaitwa kujaribiwa. Kwanza kila mmoja alipewa barua ya Kifaransa, amweleze mkulima asiyejua kusoma maana yake kwa Kiswahili au Kifuliiru. Kisha wakapewa hesabu ya mavuno, ambayo kwa makusudi nilikuwa nimeiondolea kilo 40. Wawili walilijaza pengo hilo kwa tarakimu za kubuni, na kurasa zao zilipendeza macho kweli. Wa tatu, mama wa watoto wawili, hakuongeza kitu. Aliandika chini yake: "Hesabu hii haipatani. Naomba kuona stakabadhi." Kwangu mimi kazi ya kutafuta ilikuwa imekwisha.

Mmoja wa wazee wetu akauliza iko wapi ruhusa ya mumewe. Swali lilikuwa na asili yake: Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa kazi ya namna hiyo. Lakini sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya Julai 2016. Sasa yawapasa mume na mke kupatana wote wawili, naye mume hali kadhalika.

Tukaandika mkataba, kwa kuwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yataka muda wa majaribio uwe katika maandishi, nao kwa karani usizidi miezi sita. Tulimpa mitatu. Siku ya kwanza aliomba kufuli jipya la sanduku, maana hakujua funguo za lile la zamani zi mikononi mwa watu wangapi.