Gauni la Shanga na Bibi Aliyegoma

Sisi ni mawifi wawili, mafundi cherehani wa Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, huku Kagera ambako bahari tunaiona kwenye simu tu. Leo tunawasimulia gauni lililotukosesha usingizi.

Bibi harusi wetu alitaka usiku wake wa hina uwe wa mtindo wa miaka ya 1920, ule wa Marekani na Ulaya: gauni limenyooka, kiuno kimeshushwa hadi nyonga, shanga tele na matamvua yanayocheza. (Wa visiwani mtatucheka. Miaka hiyohiyo kwenu kulikuwa na kanga na buibui, na mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri. Lakini roho ya bibi harusi ikipenda, imependa.) Gauni jipya hakuliweza, kwani kahawa ya baba yake ilikuwa bado imeanikwa.

Tukaenda kuchambua mitumba Omurushaka. Gauni jeusi la shanga za fedha, 15,000. Sketi ndefu ya shifoni nyeusi, 3,000. Mtandio wenye matamvua, 2,500. Viatu vya mkanda, 8,000. Jumla 28,500, tukarudi tunacheka njia nzima. Shanga zenyewe zilichora maua ya Kimisri. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, mafundi wa Ulaya waliiga michoro ya Misri kila mahali, kwa hiyo aliyelishona alijua anachokiiga.

Bibi yake alipoliona alikaa kimya kwanza. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Kisha akasema, "Mabega wazi, magoti wazi. Mimi chumba hicho siingii."

Tukamwambia, "Bibi, ni wanawake watupu."

"Na simu zenu je? Nazo ni za kike?"

Hatukuwa na jibu. Tunajua picha za kumbi za wanawake zinavyofika kwa wasiohusika kabla hina haijakauka. Bibi harusi akalia, akasema bila bibi hakuna usiku wa hina.

Tukalitandaza gauni mezani tukaliangalia kifundi. Halina mikunjo ya kubana kifua, halishiki kiuno, limeshuka moja kwa moja kama kanzu. Mtindo huu wenyewe hauchori mwili! Hata kofia zao za wakati ule zilifunika kichwa hadi kwenye nyusi, wakaziita kengele kwa Kifaransa. Kilichopungua ni mikono na urefu tu. Shifoni itatoa mikono, ya tabaka mbili isionyeshe ngozi. Chini tutaongeza kipande cha bitana nyeusi hadi kwenye kifundo, na matamvua yakae juu ya mshono kuuficha. Kichwani hijabu ya satini ifungwe karibu na uso, na bruchi kando ya sikio.

Tatizo likaja kwapani. Tulitaka kupanua tundu la mkono, tukapitisha mkasi bila kugeuza gauni ndani nje. Tungegeuza tungeona: shanga hazikushonwa mojamoja, zilishikwa kwa mshono wa mnyororo, uzi mmoja safu nzima. Uzi ulipokatika, safu ikafumuka. Tukasikia shanga zinadondoka sakafuni kama mchele. Usiku wa hina ulikuwa kesho yake.

Tukaokota kwa ungo na tochi ya simu mpaka adhana ya alfajiri. Dada, ukikutana na gauni la namna hii, ligeuze kwanza. Ukiona mnyororo kwa ndani, weka alama unapotaka kukata, fumua shanga chache pande zote mbili za alama, funga fundo kila ncha ya uzi, ndipo ukate. Na zilizobandikwa kwa gundi zisiguswe na pasi ya moto.

Zilizorudi hazikutosha. Tukaziba kifuani kunakoonekana, na kwapani tukaacha patupu, mkono wa shifoni ukafunika. Ushonaji hatukumtoza, tulioharibu ni sisi.

Jioni bibi alikuja kukagua mapema. Akavuta mkono wa shifoni hadi kwenye kiganja, akauinua kwenye taa, akatazama chini, akauliza kwa nini tumesahau kiuno. Tukamweleza ndio mtindo. Akaguna, akachukua kapu, akakaa kwenye kiti cha mlangoni kabisa, na kila aliyeingia akamdai simu. Hata zetu alizichukua, ndiyo maana hatuna picha ya kuwaonyesha.

Mpaka leo tukifagia kibarazani tunaokota shanga moja moja za fedha. Tunaziweka kwenye kikopo cha vifungo.