Suti yako inayong'aa

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia suti yako ya bluu imeanza kung'aa makalioni na kwenye viwiko, nawe unataka kumpa dobi aisugue mpaka itakate. Tafadhali usimpe. Mng'ao ule hautoki kwa kusugua. Kusugua ndiko kulikouleta.

Uso wa kitambaa kipya umejaa vinyweleo vidogo vilivyosimama ovyo, na mwanga ukivipiga hutawanyika. Ukikaa kitini kutwa na kuegemea meza, vinyweleo hulala na kukatika, uso ukawa laini, mwanga mwingi ukarudi upande mmoja. Vitambaa vilivyobana kama gabadini hung'aa mapema zaidi.

Lakini adui mkubwa ni pasi. Hebu tazama mifuko na kola kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona mishono ya ndani imejichora kwa juu ikimeremeta, basi pasi ya moto ilibandikwa juu ya kitambaa kikavu.

Sasa chomoa uzi mmoja ndani ya pindo la suruali, uushike kwa kibanio, uuwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu, na tumaini lipo: mvuke na brashi laini huinua vinyweleo vilivyolala, ingawa vilivyokatika vimekwenda. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni poliesta. Hiyo huyeyuka karibu nyuzijoto 250, na hulainika kabla ya kufika huko. Ikishabanwa na pasi ikiwa laini hivyo, sijaona dawa ya kuirudisha. Suti nyingi za madukani zimechanganya zote mbili, kwa hiyo soma na lebo.

Kuanzia leo, ukiipiga pasi, igeuze nje ndani. Pale usipoweza kugeuza, tandika kipande cha kanga kuukuu isiyochuja rangi, kilicholoweshwa na kukamuliwa. Pasi iwe ya moto wa wastani. Ishushe, iinue, uisogeze. Usiiburuze. Mikunjo midogo wala haihitaji pasi: litundike koti bafuni penye mvuke, asubuhi imenyooka. Na usivae suti moja siku mbili mfululizo.

Suruali ndiyo inayochakaa kabla ya koti, mara nyingi. Nitumie picha ya kitambaa kikiwa juani, pamoja na kipimo cha kiuno na urefu wa mguu, nikutafutie kinachofanana nikushonee ya pili kabla rangi ya koti haijapauka.

Msalimie mkeo.

Mjomba wako