Subira Yenye Tarehe

Mwanangu alizaliwa na kilo 5 na ulimi usioenea kinywani. Majirani walisifu siha yake. Daktari alinyamaza, kisha akatueleza kuwa ana hali ya Beckwith-Wiedemann, iliyopewa majina ya madaktari wawili walioieleza mwaka 1963 na 1964. Chanzo chake ni hitilafu katika kromosomu ya 11. Si uchawi, wala si kosa la mama. Watoto hao hukua kupita kiasi, na wangali wadogo huwa katika hatari ya saratani ya figo au ini. Ndiyo maana hupigwa picha ya ultrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi 3, mpaka watimize miaka 7.

Katika picha ya nne ulionekana uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Usiku ule sikulala. Mama mkwe alitaka twende kwa mganga. Mimi nilitaka mtoto apasuliwe kesho yake. Daktari alikataa yote mawili. Alisema uvimbe wa tezi hiyo mara nyingi si saratani, na mwingine hunywea wenyewe. Homoni zilipimwa katika damu na mkojo. Picha ikarudiwa baada ya wiki 6. Kama uvimbe ungekua, au homoni zingezidi, kisu kingefuata. Haukukua, umepungua.

Ndugu wazazi, kungoja si kupuuza, mradi tarehe ya kurudi hospitali isivunjwe. Yetu ijayo nimeiandika ukutani.