Harajuku, Mtaa wa Vijana

Tembea uone si maneno ya bure. Likizo ya Agosti iliyopita mjombangu, ambaye anafanya kazi Yokohama, alinikatia tikiti ya ndege nikamtembelee. Jumapili ya kwanza tuliabiri gari la moshi hadi Harajuku, mjini Tokyo.

Upande mmoja wa stesheni kuna msitu mzito, na ndani yake hekalu la Meiji, lililofunguliwa mwaka wa 1920. Huko watu hutembea polepole, kimya. Upande wa pili, lo! Kuna Takeshita, kichochoro cha kama mita 350 kilichojaa vijana kama siafu. Nilipigwa na butwaa. Msichana mmoja alivaa rinda la lesi kama mwanasesere, nywele rangi ya waridi, na jua la Agosti linachoma! Mwenzake alivaa soksi zisizofanana na hakuna aliyemcheka. Tulinunua chapati nyembamba iliyokunjwa kama karatasi ya njugu, yenye krimu ndani. Tamu kweli, lakini haishibishi.

Mjomba alisema ati siku hizi mambo yamepoa. Mwaka wa 1997 mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha jarida la FRUiTS kwa ajili ya vijana wa mtaa huo, waliochanganya kimono kuukuu, mitumba na nguo za kujishonea. Mwaka wa 2017 aliacha kulichapisha, akisema hapati tena vijana wa kupiga picha.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa vichochoro vya nyuma: duka la mitumba! Nguo kutoka Marekani, kama zile zinazofika Gikomba kwa marobota. Mamangu huuza nguo hizo, na shuleni wako wanaoniita Bi. Robota. Hapa zilitundikwa moja moja kama za arusi. Jinzi iliyochanika magoti ilikuwa yen 8,000, yaani zaidi ya shilingi elfu sita! Kwetu mama angebahatika kupata mia tatu, tena baada ya mabishano. Na vijana walikuwa kwenye foleni wakingoja kujaribu. Hawakujali nani aliivaa kwanza. Walijali vile wao wataivaa.

Niliporudi nilimsimulia mama. Alicheka, akasema mjomba amenifundisha uongo. Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Ilichanika goti moja ama yote mawili?"

"Yote mawili, mama."

Akainuka, akaanza kupekua upya lile robota alilokuwa ameshalifunga.